Glavu za Papa Bashige

Kila siku akitoka shuleni, Nsimire alipita mtaa wa Himbi kumpelekea baba yake chakula. Baba huyo, Papa Bashige, alichomelea milango na madirisha katika karakana ya Mama Élodie.

Karibu na mlango wa karakana ilisimama mashine kubwa yenye kioo, imejaa glavu, miwani na barakoa. Fundi aligusisha kadi yake, akabonyeza namba, kifaa kikadondoka chini akichukue. Mashine ilikumbuka nani amechukua nini. Kila fundi alikuwa na kiasi chake cha juma. Akikimaliza, hapewi tena. Zamani vifaa vilikaa kabatini, navyo vilitoweka kama sukari mbele ya sisimizi.

Papa Bashige hakupenda kuinuka. Na mtoto akiwapo, mkubwa ainuke ya nini?

"Nsimire, shika kadi, uniletee glavu," alisema, naye Nsimire akakimbia.

Siku moja, mbele ya kioo kile, Nsimire alimkumbuka mama yake. Mama Annonciata aliponda mawe meusi ya volkano kule Keshero ili auze kokoto. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka hata kushika tonge la bugali ya moto kulimuuma. Nsimire akabonyeza mara ya pili. Nyumbani alisema ni zawadi ya karakana, na mama akafurahi mno. Kesho yake majirani walioponda naye wakauliza habari za glavu zile. Utamnyimaje jirani? Nsimire akabonyeza tena, na tena.

Kabla juma halijaisha, glavu za Papa Bashige zikachanika, na mashine ikaikataa kadi yake. Aliona aibu kuomba. Akafanya kazi mikono mitupu, chuma cha moto kikamuunguza kiganja.

Nsimire alipofika na chakula, alimkuta amefungwa kitambaa mkononi, amesimama mbele ya Mama Élodie.

"Mashine inaonyesha umemaliza glavu za juma lote," Mama Élodie alisema. "Ziko wapi? Kama unaziuza sokoni, siwezi kukaa na mwizi hapa."

"Mama, mimi sijauza kitu. Sijui zimeenda wapi."

"Basi acha kadi, urudi nyumbani."

Nsimire angeweza kunyamaza. Nani angemshuku mtoto? Lakini alikitazama kile kitambaa, na machozi yakamtoka.

"Mama Élodie, si Papa. Ni mimi."

Akaeleza yote, hata uongo aliomwambia mama yake. Papa Bashige akaketi kwenye benchi, akageuza uso. Nsimire aliona heri angepigwa.

Alikimbia hadi Keshero kuwaambia wanawake wale. Mama yake alizivua glavu polepole.

"Mutoto wangu, ni kwa sababu ya hizi baba yako ameungua?"

Majirani nao wakavua. Walizikung'uta vumbi, wakaenda pamoja mpaka Himbi kuzirudisha.

Mama Élodie alizitazama glavu, kisha akaitazama mikono iliyozishika, yenye nyufa na damu iliyokauka. Akamrudishia Papa Bashige kadi.

"Papa, unisamehe kwa neno lile la wizi. Lakini kadi hii ni jina lako. Usimupe mutu, hata mutoto wako."

Akawaambia wanawake wabaki na zile glavu, maana zilikwisha kutumika, na kwamba fundi wake angepewa nyingine. Kisha akamgeukia Nsimire.

"Kumuhurumia mama yako ni vizuri. Kuchukua kwa siri ndiko kulikomuunguza baba yako. Mashine inahesabu glavu tu. Haijui nani anaumia. Mimi ningejua, kama ungeniambia. Siku nyingine ukihitaji kitu, njoo uombe. Ninaweza kukatala, lakini hakuna mutu atakayeungua."