Kitana Kwenye Rafu ya Bibi

"Rudisha nyuma."

"Nirudishe nini? Hii ni video ya matangazo, siyo mahubiri."

"Maiki, rudisha nyuma. Pale kwenye rafu. Simamisha."

Fundi wa sauti, ambaye ofisi nzima ilimwita Maiki, akasimamisha. Kwenye skrini kulikuwa na chumba cha bibi kizee. Ilikuwa video ya gemu mpya ya kampuni kubwa, ile yenye jengo la vioo. Mchezaji ameingia kwa bibi bila hodi, amesogea mezani, amenyoosha mkono kuchukua kijiko. Hapakutokea maandishi mekundu. Neno "Chukua" halikugeuka "Iba" kama ilivyo katika michezo mingi ya aina hiyo. Bibi aliacha tu kushona, akageuza shingo polepole, akautazama ule mkono.

Maiki akapiga mluzi. "Hii si ndiyo kazi yako, Jicho? Hii unayotusumbua nayo tangu mwaka jana?"

Jicho hakuwa anamwangalia bibi. Alikuwa anaangalia rafu ya nyuma, mahali kilipoegeshwa kitana cha mbao. Meno mawili hayapo, mpini umezungushiwa uzi wa buluu.

"Kile kitana ni cha mama yangu," akasema.

"Aa, vitana vinafanana."

"Uzi ule niliufunga mimi nikiwa mtoto. Fundo la pili nilikosea."

Maiki akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Fundo la pili lilikuwa limekosewa kweli.

"Makubwa haya," akanong'ona.

Kazi ya Jicho katika ofisi yao ndogo ya kutengeneza gemu ilikuwa moja: kumjulisha mchezaji kwamba kitu anachotaka kukigusa kina mwenyewe. Chumba cha bibi alikijenga yeye, kwa majaribio, na vitu vya humo alivichora kwa kutazama vitu vya nyumbani kwao. Mama yake alikwisha kufariki. Kitana kile kilikuwa kwenye kabati la shangazi yake, na nakala yake ilikuwa kwenye faili ambalo watu wawili tu walikuwa wakilifungua: Jicho mwenyewe, na mwandika programu wa ofisi hiyo, ambaye pia alikuwa mchumba wake.

Bosi alikuwa ameiona video kabla yao.

"Funga mlango, mwanangu. Wametutangulia."

"Hawajatutangulia, bosi. Hiyo ni kazi yangu."

"Najua ni yako, si niliiona ikianza? Lakini wachezaji hawajui. Tukitoa gemu yetu baada yao, na bibi wetu anageuza shingo kama bibi wao, nani ataitwa mwizi?"

"Sisi."

"Umejibu mwenyewe. Turudi kwenye maandishi mekundu. Kila mchezaji anayaelewa. Ukiona nyekundu, hapo unaiba. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Tuliyajaribu, na rekodi unazo. Waliopewa maandishi mekundu walifanya nini? Walisubiri mwenye nyumba atoke, wakabeba mpaka mto wa kulalia. Nyekundu inawaambia kuna askari. Haiwaambii kuna mtu. Lakini bibi alipogeuka na kusema, 'Kijiko hicho nililishia wanangu,' wengi walikirudisha. Hakuna aliyewalazimisha."

Bosi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi unanihubiria bure, nilikwisha kuokoka. Lakini hilo halitatusaidia wakituletea mawakili."

"Nipe mpaka kesho saa nne. Utasikia ukweli kutoka kwao wenyewe."

"Unamjua aliyewapa?"

Jicho alikuwa na dhana moja. Hakuwa na mazoea ya kutamka dhana kabla hajaipima.

"Kesho saa nne, bosi."

Mchumba wake alimkuta kwenye ngazi za nyuma. Waya ulikuwa unaning'inia shingoni mwake kama kipimo cha daktari. Hakuna siku aliyoonekana bila waya, na ndiyo maana watu walimwita Kebo.

"Mpenzi, mbona umenuna? Shangazi kapiga tena kuhusu ukumbi wa harusi?"

"Uliwapa lini?"

"Nilimpa nani nini?"

"Usinichoshe, Kebo. Kitana cha mama kiko kwenye video yao."

Waya ukamteleza Kebo begani, ukaanguka. Hakuuokota.

"Nilijaribu kukitoa," akasema mwishowe.

Jicho alikuwa amejiandaa kwa kukanushwa. Kwa jibu hilo hakujiandaa.

"Ulijaribu?"

"Nilibadilisha kuta, taa, nguo za bibi, hata sura yake. Lakini kitana nikikitoa, bibi anaganda. Haangalii kitu chochote. Chumba kizima kinakufa."

Hapo alisema kweli. Kitana ndicho kitu cha kwanza ambacho Jicho alikipa mmiliki, na vitu vingine vyote, kijiko, mto, birika, vilinakili umiliki huo kutoka kwenye kitana. Ukikitoa, hakuna kitu humo kinachobaki kuwa cha mtu. Dawa yake ilikuwa kuandika upya kila kitu tangu mwanzo. Kebo hakuandika. Alikisukuma kitana pembeni ya rafu, akatumaini hakuna atakayetazama huko. Mtengeneza matangazo wa kampuni kubwa akapitisha kamera hapo hapo.

"Kwa hiyo ulijua ni changu," Jicho akasema.

"Nisikilize kwanza. Waliniita kwenye usaili. Swali lao lilikuwa hilo hilo: mjulishe mchezaji kwamba anaiba, bila kumwandikia neno. Nilikaa nalo, nikaona giza tupu. Na faili lilikuwa kwenye folda yetu ya pamoja, Jicho. Folda ya wote. Halikuwa na jina, halikuwa na alama..."

"Alama?"

"Namaanisha..."

"Malizia. Halikuwa na maandishi mekundu?"

Kebo akatazama viatu vyake.

"Nilitaka niingie, halafu nikuvute na wewe. Tuhame wote. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Usiniingize kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Ungeniomba, ningekupa! Ningekaa na wewe, nikuonyeshe hatua kwa hatua. Ungewaambia, 'Mchumba wangu kanifundisha,' na mimi ningetembea kifua mbele mwaka mzima."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Kesho saa nne nampigia mkurugenzi wao, mbele ya bosi. Ukiwa umesema kabla yangu, sawa. Ukiwa hujasema, nitasema mimi."

"Watanifukuza hata sijaanza! Na bosi akijua nilikuwa naondoka kimyakimya, hapa pia nimekwisha. Tutaoana tule nini? Upepo?"

"Hilo la kuoana liache kwanza. Bado sijajua naolewa na nani."

Jioni simu haikumpa nafuu.

*Tuzungumze kama watu wazima,* Kebo aliandika.

*Tumeshazungumza. Saa nne.*

*Na nikiwaambia tulifanya pamoja? Wewe unyamaze tu. Jina lako linaingia, langu linabaki, wote tunapona.*

Jicho aliusoma ujumbe huo mara mbili. Ulikuwa mpango mzuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Kazi ingeokoka. Bosi angetulia. Harusi ingefanyika. Kilichohitajika kwake ni kufunga mdomo tu.

*Si kweli,* akajibu.

*Ni uongo mdogo jamani.*

*Chumba kile nilikijenga ili mtu asichukue cha mwenzake na kukiita kidogo.*

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Shangazi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliingia na simu mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mkwe wangu kanipigia. Analia kama katoto kalikonyimwa ziwa. Anasema umemkasirikia kwa sababu ya kitana."

"Kitana tu? Hakukuambia lingine?"

"Nikamwambia, baba, kitana cha marehemu hata mimi nakishika kwa adabu. Kuna lingine?"

"Ameichukua kazi yangu, shangazi. Ameipeleka kwa watu, akasema ni yake."

Shangazi aliacha kutabasamu. Akakunja kanga yake vizuri magotini, kama mtu anayejipa muda.

"Kwa hiyo ukumbi nikatae?"

"Usikatae. Usikubali pia."

"We mtoto, ulizaliwa hakimu? Unampenda au humpendi?"

"Nampenda. Lakini silo linaloamuliwa kesho."

"Ehee. Linaloamuliwa ni lipi?"

"Kama anaweza kusema kweli pale inapomuuma."

Shangazi akasimama. "Marehemu mama yako alikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa tunamkimbia." Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Asubuhi kiti cha Kebo kilikuwa kitupu. Maiki alikuwa akikipita kila mara, akikitupia jicho kama mtu anayepita penye msiba. Jicho aliyapanga matoleo yote ya chumba cha bibi, la kwanza hadi la mwisho, na tarehe zake. Kama ingebidi aseme peke yake, angesema na ushahidi. Saa nne kamili akaingia kwa bosi.

"Uko tayari?" bosi akauliza.

"Piga."

Bosi akaweka simu mezani, akaongeza sauti. Ililia mara moja tu.

"Nilikuwa naisubiri simu yenu," alisema mkurugenzi wa ile kampuni. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyeamka vibaya. "Kijana wenu yuko hapa. Nimemkuta mlangoni hata sijafungua ofisi. Na wewe uliyejenga chumba, upo hapo?"

"Nipo."

"Basi msikie mwenyewe. Kijana, rudia uliyoniambia."

Kukawa na kukohoa, na kiti kusogezwa.

"Bosi, shikamoo. Jicho." Sauti ya Kebo ilikuwa imekauka. "Chumba cha bibi si changu. Hakuna hata mstari mmoja wa wazo lile ulio wangu. Nilikitoa kwenye folda yetu, nikabadilisha sura, nikasema ni changu kwenye usaili. Jicho hakujua. Hakuniruhusu. Jana nilimwomba adanganye na mimi, akakataa. Nimemaliza."

Bosi alimgeukia Jicho, nyusi juu.

"Nafasi yake nimeifuta," mkurugenzi aliendelea. "Video tunaiondoa. Na wewe binti, nisikie vizuri: nafasi hiyo sasa iko wazi. Ni yako ukiitaka."

"Nashukuru, lakini nina kazi hapa sijaimaliza. Ninachotaka kwenu ni tangazo la wazi, lenye jina langu na jina la ofisi yetu, likisema chumba kilitoka wapi. Kabla ya jioni."

"Tangazo la namna hiyo litatuaibisha."

"Kidogo. Mkilitoa wenyewe."

Mkurugenzi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa kwa haki. "Bosi wako ana bahati. Litatoka kabla ya jioni."

Simu ilipokatwa, bosi aliegemea kiti. "Maandishi mekundu tumeyazika. Endelea na bibi yako. Huyo mchumba wako nitamwamulia Jumatatu, ila mpaka hapo asiguse folda hata moja. Na usije kumwombea."

"Siji."

Kebo alirudi mchana. Alipita kati ya meza za wenzake bila waya shingoni, na hata Maiki, ambaye mzaha kwake ni kama pumzi, alijitia kutafuta kitu mvunguni. Kebo akasimama mbele ya meza ya Jicho.

"Nimesema yote."

"Nimesikia."

"Na sisi je?"

Jicho akaweka kalamu chini. "Nina swali moja. Kamera yao ingepita upande mwingine, kitana kisionekane. Ungeniambia?"

Jibu jepesi lilikuwepo, na wote wawili waliliona. Kebo angeweza kulisema na pengine kulishinda lile swali.

"Hapana."

"Hata baada ya harusi?"

"Ningekuwa najiambia kesho, kesho. Nisingesema, Jicho. Ningekaa na wewe meza moja nikijua, na bado nisingesema."

Liliuma, na Jicho aliliacha liume. Alilipokea kama alivyozoea kupokea majibu ya majaribio, yawe matamu au machungu, alimradi hayakuchezewa. Machozi yalimlengalenga, akayapangusa kwa kiganja bila kuyaficha.

"Vuta kiti," akasema.

Kebo akavuta. Hakuwa amekaa sawasawa simu ya Jicho ilipoita.

"Watu wa ukumbi wamenikalia kooni," shangazi alisema. "Niwaambieje?"

"Waambie siku hiyo wampe mtu mwingine."

Kebo akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo hakuna harusi?"

"Harusi ipo, shangazi. Lakini si mwezi ujao. Lini, nitasema mimi."

"Na mwenzio anasemaje?"

"Mwenzangu bado yuko kwenye majaribio."

Shangazi aliangua kicheko kilichosikika mpaka meza ya pili. Jicho akakata simu.

"Usifurahi," akamwambia Kebo.

"Sijafurahi."

"Kebo."

"Nimefurahi kidogo."

"Haya. Uwe unasema hivyo hivyo."