Daktari wa Kikorea Hakusema Amerogwa

—Isaac, huyo binti amerogwa! Harusi hakuna!

Ma Vestina alikuwa anafoka kutoka Ijumbi, na simu ilikuwa kwenye spika. Kokwijuka, huyo binti mwenyewe, amekaa hapohapo Nshambya, mjini Bukoba, kando ya mchumba wake.

—Mama, nani kakwambia?

—Alipokuja kunisalimia nimeona vidonge mkobani. Machozi hayamkauki, kitandani hatoki. Si kama yule msichana wa Kikorea?

—Wa kwenye tamthilia?

—Ee! Umesema mwenyewe, kwa mdomo wako, karogwa na wifi yake!

Haya sasa! Isaac alikata simu, lakini alishachelewa. Yeye ndiye anayezitia tamthilia za Kikorea sauti ya Kiswahili na kuziuza, na kuanzia Bukoba hadi Muleba kina mama hawalali bila kumsikiliza. Kokwijuka naye anaugua sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, tangu afiwe na mama yake. Isaac anajua yote, na kliniki humsindikiza.

—Daktari wa kwenye tamthilia alisema msichana ana nini? aliuliza Kokwijuka.

—Sonona.

—Na wewe ukasema amerogwa.

—Wateja wanapenda uchawi, Koku. Ukiwaambia sonona wanasinzia.

—Kumbe!

Akabeba mkoba wake, akaondoka. Jioni meseji ikaingia: "Siolewi na mtu anayenielewa tukiwa wawili, akishika maiki ananiita mrogwa."

Mwanaume alilia, nawaambia, kamasi mpaka kidevuni. Alipomaliza kulia akawasha mitambo, akairudia sehemu ile yote upya.

Jumapili baada ya misa alikuwa Ijumbi na sehemu hiyo mpya. Sebule ya mama yake imejaa majirani, wanatafuna punje za kahawa, macho kwenye runinga. Daktari akafungua mdomo, sauti ya Isaac ikatoka:

—Binti hajarogwa. Ana sonona. Ni ugonjwa, na unatibika.

—Aa! akaruka Dativa, jirani. Juzi si alirogwa?

Isaac akasimama mbele ya runinga.

—Niliwadanganya ili mnunue. Daktari hakutamka uchawi hata mara moja. Na mchumba wangu hajarogwa. Anaumwa, anatibiwa, na ninampenda. Mama, ukimkataa, nitamuoa hivyohivyo.

Ma Vestina akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

—Baba yako alipofariki, nilikaa ndani miezi. Wifi zangu wakasema nimerogwa. Mpaka leo kuna asubuhi nashindwa kuamka, mwanangu. Nilikuwa naona aibu kusema.

—Waitu, pole, Mama!

—Nipigie simu kwa huyo mtoto.

Kokwijuka alipokea, sauti kavu.

—Shikamoo, Mama.

—Marahaba, mwanangu. Nimekukosea, nisamehe. Hiyo kliniki yako ni lini?

—Jumanne. Kwa nini, Mama?

—Nakuja Bukoba. Unishike mkono tuingie wote, na mimi nimwone daktari.

Upande wa pili kukasikika kilio, halafu kicheko ndani ya kilio.

—Njoo, Mama. Na huyo mwongo wako mje naye.

Majirani walipiga vigelegele mpaka tamthilia ikasahaulika. Ndoa ilifungwa kanisani Kashozi, na Ma Vestina alicheza ngoma mbele ya wifi zake wote. Mmoja akamnong'oneza mwenzake:

—Huyu kapona uchawi?

Ma Vestina akamgeukia, kifua mbele.

—Sonona, wifi. Jumanne twende, nikupeleke.