Mafuta ya Breki

Kila asubuhi, baba alipokaa kwenye usukani na kukanyaga breki, Chiriku alisimama nyuma ya gari na kutangaza, "Taa zinawaka zote mbili." Kisha alizunguka akibonyeza tairi moja moja kwa kidole gumba, akachungulia maji ya rejeta, akatoa taarifa ndefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, wakati wa kuitwa mahudhurio. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi. Shangazi yake alisema mtoto huyu hata usingizini hutoa maelezo.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, jeupe lililogeuka kuwa rangi ya maziwa yaliyoungua, lenye viti tisa na mlango wa pembeni ambao sharti uuinue kidogo ndipo ukubali kufunguka. Baba alikuwa na kazi moja nalo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aliwapeleka hospitali kuu wagonjwa wanne wa mtaa wao, ambao figo zao zilikuwa zimechoka. Huko waliunganishwa na mashine kwa saa nne nzima, damu ikasafishwa na kurudishwa mwilini. Anayekosa zamu hubaki na maji na uchafu mwilini, na mwili haujui kusubiri.

Mmoja wa hao wanne alikuwa shangazi mwenyewe, dada yake baba, aliyemlea Chiriku tangu mama yake alipofariki. Mwingine alikuwa fundi viatu, mwanamume mpole asiye na ndugu katika mji ule, ambaye kila alipopanda aligonga bodi la gari na kusema, "Mimi na wewe tunashindana nani atazimika kwanza."

Jumatatu ya likizo, Chiriku alipokuwa akifuta kioo cha mbele, aliisoma stika ya ukaguzi. Mwisho wake ulikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Alimwita baba, na baba akaitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyeonyeshwa kaburi. Siku zilikuwa zimempita. Alisema hapana neno, kesho wangekwenda kwenye kituo cha ukaguzi anakokwenda kila mwaka.

Kesho yake walikuta lango la kule limefungwa kwa mnyororo uliokwisha kushika kutu. Ukutani palikuwa na tangazo ambalo mvua ilikuwa imeliosha likabaki karatasi tupu. Mziba pancha wa ng'ambo ya barabara aliwaambia kituo kilihamishwa mwishoni mwa mwaka uliopita, akawaelekeza upande wa maghala ya nafaka. Walipofika huko wakaambiwa pale hupimwa malori peke yake. Mlinzi mmoja akasema magari madogo ya abiria hupimwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwenzake akasema la, ni karibu na soko la mbao. Wakaenda kwenye matofali, wakaenda kwenye mbao. Adhuhuri ikapita. Baba, ambaye kwa kawaida huimba akiendesha, hakuimba.

Saa kumi na nusu walikiona kituo chenyewe, banda refu la mabati lenye milango miwili, magari yakiingia huku na kutokea kule. Karani wa dirishani alikuwa anafunga daftari. Alisema siku hiyo imekwisha, kesho nafasi zimejaa, na nafasi iliyobaki kabla ya wiki kwisha ni moja tu, Alhamisi asubuhi. Baba aliichukua haraka.

Wakati akiandikiwa, Chiriku alisoma ubao wa kanuni uliotundikwa pembeni. Ulitaka kadi ya gari na cheti cha mwaka uliopita. Ulitaka gari lije tupu, limeoshwa mpaka chini. Tairi zisiwe zimelika, taa zisiwe na ufa, breki za kushoto na za kulia zishike kwa nguvu zinazokaribiana. Gari lenye kasoro ndogo lingerudi kutengenezwa na kuletwa tena ndani ya siku kumi na nne. Mstari wa mwisho ulikuwa wa rangi nyekundu. Gari lenye kasoro ya hatari, kama kuvuja kwa mafuta ya breki, halitatoka kituoni kwa kuendeshwa. Litatengenezwa hapo hapo uwanjani, na litapimwa upya siku za Jumatatu na Jumanne tu.

Jumatano wagonjwa walikwenda na kurudi salama. Jioni baba alimwambia Chiriku amsaidie kuosha gari kwa chini. Aliliinua kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akaingia ndani kutafuta kadi na cheti. Chiriku akajiingiza chini na ndoo yake.

Hapo ndipo alipoona. Upande wa ndani wa gurudumu la nyuma la kushoto palikuwa na unyevu. Maji hukauka, huu ulishika vumbi ukawa kama tope jeusi, na alipougusa kwa kidole uliteleza. Alifuata kwa jicho bomba jembamba la mafuta ya breki lililopita hapo, lililovimba kwa kutu, na chini ya uvimbe akaona tone limening'inia.

Mdomo wake ulifunguka kumwita baba. Kisha akaukumbuka ule mstari mwekundu. Kesho Alhamisi, keshokutwa Ijumaa. Gari likizuiliwa, shangazi angefikaje kwenye mashine? Shangazi ambaye hata leo, saa chache tu baada ya kusafishwa, alipanda ngazi mbili za mlango akapumzika katikati. Chiriku alijiambia kwamba kinachotakiwa ni pakavu kwa saa moja tu ya kesho. Wakishapata stika watatengeneza.

Akachukua tambara, akafuta tone, akafuta bomba, akafuta na gurudumu. Akapaka vumbi kavu juu yake ili linyonye unyevu utakaotoka. Baba aliporudi akauliza kama huko chini kuna lolote. Msichana ambaye hajawahi kukosa la kusema alijibu neno moja. "Hakuna."

Usiku ule hakula vizuri, na shangazi akamuuliza kama anaumwa.

Alhamisi asubuhi mkaguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene wa ovaroli ya buluu, kalamu imechomekwa kwenye kilemba, tochi mkononi. Hakuwa na haraka wala maneno. Alikagua kadi, akalinganisha namba za injini, akazima na kuwasha kila taa. Tairi alizipitisha, mikanda akaipitisha, na Chiriku aliyekaa kwenye benchi la wageni akaanza kupumua. Kisha gari likapandishwa juu ya rola za kupimia breki. Za mbele zilishika vizuri. Za nyuma zilipopimwa, mshale wa kulia ulipanda, wa kushoto ukajivuta ukasimama chini.

Mkaguzi aliamuru gari lisogezwe juu ya shimo, akateremka na tochi yake. Alikaa huko muda ambao Chiriku aliuona kama mwaka. Ndipo akamwita baba ateremke.

Sauti yake ilisikika hadi kwenye benchi. "Hapa pamefutwa, halafu pakapakwa vumbi. Gari zima limeoshwa, hapa tu pana vumbi. Ulitaka nisione nini?"

Baba alisema hajui habari hiyo. Mkaguzi akamwambia kila mtu anayefuta husema hajui. Akasema kasoro ya gari ni jambo moja, inaandikwa na kutengenezwa, lakini kuificha ni jambo lingine, na lina fomu yake. Dereva anayeandikwa kwenye fomu hiyo hunyang'anywa ruhusa ya kubeba abiria. Baba alipanda kutoka shimoni ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Katika miaka yote Chiriku hakuwahi kumsikia mtu akimwita baba yake mwongo. Na baba hakubishana. Alisimama tu, akikunja ukingo wa kofia na kuukunjua, huku mkaguzi akifungua kabati na kutoa karatasi.

Miguu ya Chiriku ilimfikisha pale kabla hajaamua.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi niliyefuta," alisema. "Baba hajui. Aliniuliza nikamwambia hakuna kitu."

Mkaguzi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akamuuliza kwa nini. Chiriku alieleza habari ya shangazi na ya Ijumaa, na maneno ambayo siku zote yalimjia kama maji ya bomba sasa yalitoka kwa matone. Alipomaliza, mkaguzi aliirudisha fomu kabatini. Halafu aliuliza gari hilo hupita njia gani kwenda hospitali. Baba akasema ya machimbo, ule mteremko mrefu.

"Ukiwa na watu ndani."

"Nikiwa na watu ndani."

Mkaguzi alichukua kalamu kutoka kwenye kilemba, akaandika neno *hatari* kwenye cheti, akapiga muhuri.

Fundi magari aliitwa, akaja alasiri na begi lake. Alipoligusa bomba kulifungua, lilikatika mkononi mwake kama kijiti kikavu. Alilitazama, akamtazama baba, akasema bomba kama hili liko kwenye kila duka la vipuri, kulibadilisha si kazi ya hata saa mbili. Kabla ya magharibi alikuwa amemaliza. Lakini kanuni ilikuwa kanuni. Gari lilibaki uwanjani kusubiri Jumatatu.

Wakati wa kurudi kwa miguu baba hakumgombeza. Walikuwa karibu kufika nyumbani aliposema, "Ungeniambia jana jioni, fundi angekuja jana jioni. Leo asubuhi tungepita, na kesho tungekwenda." Basi. Chiriku angependa kupigwa kuliko kusikia hesabu hiyo, kwa sababu aliijumlisha njia nzima na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Ijumaa ilikuwa mbaya tangu kulipokucha. Baba alikuwa ameanza kubisha milango tangu Alhamisi usiku. Jirani mwenye gari alikuwa safarini. Dereva wa teksi wa mtaani alikuwa msibani. Hospitali ilijibu kwenye simu kwamba gari lao ni la dharura, na kuchelewa zamu bado si dharura. Wagonjwa wawili walichukuliwa na ndugu zao. Shangazi alipandishwa basi la kwanza, Chiriku akimshika kiuno, wakabadilisha basi njiani, wakafika wamechelewa, midomo ya shangazi imekuwa ya rangi ya majivu, lakini mashine yake ilikuwa bado ikimngoja.

Fundi viatu hakuweza kupanda ngazi za basi. Baba alimbeba mgongoni hadi kituo cha basi. Basi la kwanza lilijaa, la pili likajaa, na kondakta wa la tatu akasema hana mahali pa kumlaza mtu. Saa tano likapatikana gari la kuazima, na walipofika zamu yake ilikuwa imepita na mashine amepewa mwingine. Aliambiwa arudi Jumatatu. Fundi viatu alimpa baba pole, kana kwamba aliyeumia ni baba.

Jumapili asubuhi walimkuta kitandani anapumua kwa kuvuta, miguu imevimba hata ngozi inang'aa. Sasa ilikuwa dharura, na gari la hospitali likaja.

Chiriku aliomba kwenda kumwona. Alimkuta na mpira wa hewa puani, mikono yake ya kushonea imelala juu ya shuka bila kazi. Alimwambia yote, tangu tone hadi tambara. Fundi viatu alisikiliza akiwa amefumba macho, na Chiriku alidhani amelala.

"Sasa wewe na mimi tumelingana," alisema hatimaye. "Mimi nilivimba miguu mwaka mzima nikisema ni viatu vinabana. Fundi viatu mzima." Alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia. Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala Chiriku hakuthubutu kuuliza.

Jumatatu gari lilipandishwa tena kwenye rola. Mishale miwili ilipanda pamoja. Mkaguzi alibandika stika mpya kwa kiganja chake mwenyewe, na mchana huo huo baba aliwapeleka wagonjwa hospitali. Walikuwa watatu. Fundi viatu alirudi nyumbani baada ya majuma mawili, lakini moyo wake ulikuwa umechoka, na tangu hapo hakuweza kufungua kibanda chake cha viatu. Kila siku ya zamu baba alimbeba kwenda garini, akamlaza kiti cha nyuma.

Siku moja shangazi, akisubiri zamu yake, alimwita Chiriku aketi karibu naye. Msichana alikuwa amepungua maneno hata mtaani wakaanza kuuliza.

"Najua ulifanya kwa ajili yangu," shangazi alisema. "Ndiyo maana nitakuambia mimi, asikuambie mtu mwingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na gari nalo lina maradhi yake. Yule mama wa ukaguzi hakuwa adui yetu, mwanangu. Mtu anayetafuta kasoro kabla haijaua ni daktari. Ubaya ukiuona ukiwa mdogo, useme ukiwa mdogo, hata kama kinywa chako kinatetemeka. Ukiuficha unakua, na anayekuja kuulipia huenda si wewe."

Chiriku aliuliza kama fundi viatu atapona.

Shangazi hakumdanganya. Alisema hajui, akamshika mkono, wakangoja jina liitwe.