Mkebe wa Sita

Jumatatu, tarehe 25 Februari 1924, saa moja asubuhi, moshi wa udi ulikuwa ukipanda kupitia ungo wa karafuu barazani kwa Bi Kazija, kijijini Wawi. Pembeni ilikuwepo mikebe sita ya bati, mitupu na wazi.

Msellem, mwanawe, alisimama mlangoni akimtazama. Alikuwa karani katika ofisi ya kilimo Chake Chake. Wiki hiyo alikuwa akisafiri kikazi kwenda Uingereza. Huko Wembley, karibu na London, palikuwa pakiandaliwa maonyesho makubwa ya biashara. Nchi nyingi zingepeleka mali zao, na wanunuzi wangekuja kuzitazama. Meza moja ilikuwa ya karafuu za Pemba, na Msellem ndiye angeisimamia.

Wakulima sita walikuwa wametoa karafuu zao bora, kila mmoja za kujaza mkebe mmoja. Juu ya kila mkebe paliandikwa jina la mwenyewe. Mmoja wa wakulima hao alikuwa Bi Kazija.

Bi Kazija aliufukiza ungo kwa udi, kisha akachukua mrashi na kunyunyiza marashi ya mawaridi. Akazigeuza karafuu kwa mkono, akanyunyiza tena, akazimimina mkebeni. Ndivyo alivyofanya kwa mkebe wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Jirani yao, Mzee Ngwali, alikuwa ameleta karafuu zake na kubaki kutazama.

"Bi Kazija," alisema, "karafuu hizo zinasafiri au zinaolewa?"

"Zinakwenda ugenini. Mtu haendi ugenini ananuka jasho la shamba."

Alipomaliza mkebe wa tano, mrashi ulikuwa mtupu. Uliobaki ulikuwa mkebe wake mwenyewe. Msellem alimwuliza kama atume mtu dukani. Mama yake alikataa. Mali ya watu ilikuwa imekwisha kuheshimiwa. Yake ingekwenda kama ilivyo.

Msellem aliona kila kitu. Kwake ilikuwa heshima tu. Adhuhuri aliipeleka mikebe kwa mfua mabati, naye akaifunga vifuniko kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, pasipite hata hewa.

Safari ya meli ilichukua zaidi ya wiki tano. Mfungo wa Ramadhani uliwakuta njiani. Msellem alifuatana na Bwana Walji, dalali wa karafuu wa Chake Chake, mtu wa makamo aliyekuwa akinunua na kupanga karafuu tangu ujana wake. Yeye alichukuliwa ili awaeleze wageni habari za mali.

Wembley ilimshangaza Msellem, naye alitaka kujua kila kitu. Katika banda moja aliona sufu ya kondoo, katika jingine kakao, katika jingine mashine iliyokuwa ikijaribiwa. Alimwuliza Walji kwa nini kila meza ilikuwa na mali kidogo hivyo. Nani angesafiri mbali kununua mkebe mmoja?

Walji alimweleza kwamba hapo watu hawachukui mzigo. Mnunuzi hutazama sampuli, yaani kiasi kidogo cha mali. Akiridhika, huagiza mzigo mkubwa baadaye.

"Sampuli ni ahadi," alisema. "Unamwambia mtu, mali yangu yote ni kama hii."

Jumatano, tarehe 16 Aprili, wiki moja kabla ya maonyesho kufunguliwa, walifungua mikebe. Msellem alikata kifuniko cha kwanza kwa kisu. Ilitoka harufu ya mawaridi, na nyuma yake harufu nzito, kama ya nguo iliyokunjwa mbichi. Karafuu zilikuwa zimeshikana. Juu yake palikuwa na ukungu mweupe.

Alikata wa pili. Ukungu. Wa tatu, ukungu. Walipofika wa tano, Msellem alikaa chini.

"Maji ya bahari," alisema. "Meli imetuponza."

Walji hakubisha. Aliumwaga mkebe wa kwanza, akautia maji mpaka juu, akauweka juu ya karatasi kavu. Walingoja. Karatasi haikulowa. Akafanya hivyo kwa mikebe yote mitano. Hakuna uliovuja, na hakuna uliokuwa na kutu.

"Maji hayakuingia njiani," alisema Walji. "Yalipanda meli pamoja nawe."

Akaukata mkebe wa sita. Karafuu zake zilikuwa nyekundu za kahawia, kavu, kila moja na kichwa chake. Harufu yake ilikuwa ya karafuu peke yake.

Kwa kuwa walikuwa wamefunga, hawakuweza kuonja. Walitumia macho, pua na vidole. Walji alikunja karafuu moja ya mkebe wa sita; ikakatika kwa mlio mdogo. Akaikunja moja ya mkebe wa kwanza. Ikapinda kama uzi. Akabonyeza kwa ukucha karafuu nyingine kavu, na mafuta yakajitokeza. Mwisho akatia chache katika gilasi ya maji. Zilisimama wima, vichwa juu. Karafuu iliyokwisha mafuta, alisema, hulala juu ya maji.

Kisha akamwuliza Msellem swali moja: mkebe huu ulitofautianaje na mingine siku ulipofungwa?

Msellem alijibu polepole. Alieleza habari za udi, za mrashi, na za marashi yaliyokwisha kabla ya mkebe wa mama yake.

"Marashi ni maji yenye harufu," alisema Walji. "Karafuu huanikwa juani siku tano, sita, ili maji yatoke. Nyinyi mkayarudisha, kisha mkayafungia ndani."

"Mama alitaka kuzipa heshima."

"Heshima ya karafuu ni ukavu. Na huo moshi wa udi, kwani mnunuzi amekuja kununua udi?"

Msellem alitazama meza. Wakulima watano walimkabidhi mali yao, na msimamizi wa banda alikuwa amekwisha sema kwamba meza yenye mali mbovu itaondolewa. Wazo likamjia. Alisema wangeweza kuikausha ile mikebe mitano, kisha kuweka tabaka la karafuu nzuri juu.

Walji alimtazama bila kukasirika. "Weka," alisema. "Lakini kwanza tia mkono wako mkebeni kama mnunuzi, uone unafika wapi."

Msellem alitia mkono. Ulifika chini kabisa. Akautoa, na asitaje tena jambo hilo.

Maonyesho yalipofunguliwa, meza ya Pemba ilikuwa na mkebe mmoja. Kando yake yalikuwepo majina matano ya wakulima kwenye kadi, bila mikebe. Walji alishauri kadi ziondolewe. Msellem alikataa, akisema watu hao walitoa mali nzuri, na kosa halikuwa lao.

Jumatatu, tarehe 28 Aprili, alikuja Mwingereza mmoja mwenye kinu cha viungo. Hakusema mengi. Alitia mkono mkebeni mpaka chini, akatoa karafuu, akazivunja, akazinusa. Akaomba maji. Karafuu zilisimama. Akauliza mwenye nazo ni nani, na Msellem akamsomea: Kazija binti Hamad, Wawi.

"Na hawa watano?" aliuliza, akionyesha kadi.

Msellem alivuta pumzi. Angeweza kusema mikebe imechelewa. Alisema karafuu zao zilikuwa nzuri kama hizi, zikatiwa maji kabla ya kufungwa, zikaoza. Aliyewajibika ni yeye.

Mwingereza aliandika katika kitabu chake. Akasema maonyesho yakifunguliwa tena mwaka wa pili, angependa kuiona mikebe yote sita.

Msellem alirudi Wawi mwezi wa Agosti, wakati watu wako mashambani wakichuma. Aliwakusanya wakulima barazani akawaeleza yote, bila kupunguza.

 Mzee Ngwali akasema, "Kumbe karafuu zangu nilizipeleka Ulaya kuzikwa."

Watu walicheka, lakini Bi Kazija hakucheka. Alisema marashi hayajapata kuharibu kitu katika nyumba yake. Nguo zake alizinyunyizia miaka yote.

"Nguo huzifungi kwa risasi, mama," alisema Msellem.

"Basi nionyeshe. Maneno ya Wembley siyaoni hapa."

Msellem alileta chupa mbili. Bi Kazija mwenyewe alizitia karafuu kavu kutoka jamvi moja. Moja akainyunyizia marashi, ya pili akaiacha. Wakazifunga kwa vizibo na nta, wakaziweka sandukuni kwa siku arobaini, karibu sawa na safari ya meli.

Siku ya arobaini wakulima walirudi. Chupa kavu ilifunguliwa, na harufu ya karafuu ikajaa baraza. Ya pili ilipofunguliwa, Mzee Ngwali aliinusa akairudisha haraka.

"Inanuka kama kuku aliyelala mvuani," alisema.

Bi Kazija alitia kidole, akautazama ukungu kwa muda.

"Nilidhani napamba bibi arusi," alisema. "Kumbe nilikuwa napamba maiti."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekagua karafuu za sampuli. Aliyeleta zilizolundikwa mbichi alirudishiwa. Aliyeleta zenye makonyo, vile vijiti vya mashada yake, aliambiwa akae azichambue. Kila mkulima alivunja karafuu yake mbele yake, naye akategea sikio mlio. Februari 1925 mikebe sita ilifungwa, na hakuna aliyewasha udi.

Safari hiyo Walji alikwenda peke yake. Mwezi wa Juni barua yake ilifika Wawi. Msellem aliisoma barazani, mbele ya wakulima wote: "Mikebe sita imefunguliwa. Yote mikavu. Mwenye kinu ameweka mkono katika kila mmoja, na ameagiza karafuu za namna hii."

Bi Kazija aliingia ndani. Alitoka na mrashi, akawanyunyizia wageni wake mikononi, mmoja mmoja.