Mke wa Mchana

"Niache, abba warra. Tamka talaka, nipumzike."

Spana ilinitoka mkononi. Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki ya mteja gereji pale Bulla Pesa, Isiolo, saa saba mchana, jua linachoma, simu nimeibana kwa bega. Abba warra, mwenye nyumba, ndivyo mke wangu Sabdio anavyoniita. Sauti ilikuwa yake na namba ni yake.

"Sabdio, umesema nini?"

"Umesikia. Neno moja tu. Usinirudishe Isiolo."

"Kwani umepata mwanaume huko Norwei?"

"Hakuna mwanaume. Na jioni usiniulize haya mambo. Madina huwa karibu, anasikia."

Akakata.

Jioni akapiga tena, safari hii kwa video, meno yote nje.

"Abba warra! Leo nimekula samaki mbichi. Wallahi nikaomba nyingine!"

"Samaki mbichi? Wewe uliyelelewa kwa maziwa ya ngamia?"

"Na mkate mweusi, mchungu kama dawa, sasa naupenda. Kahawa nakunywa hivi hivi, bila maziwa, bila sukari. Yule bibi ninayemtunza ananicheka, anasema nimeshakuwa wao."

"Na kurudi?"

"Si tiketi ninayo? Mwezi ujao niko nyumbani Kiwanjani."

Nilimwangalia mpaka macho yakauma. Huyu ndiye aliyeniomba talaka mchana? Nyuma yake mdogo wake, Madina, wanayeishi naye chumba kimoja, alipita akiwa na koti la kazi, akanipungia mkono.

Basi nikajikuta na wake wawili wenye sauti moja. Wa jioni ananitania na kunitumia picha za theluji. Wa mchana hana sura, kamera amezima, na huko aliko hakusikiki hata kijiko kugonga kikombe. Magomvi yetu ya zamani aliyajua yote. Alijua nilivyolia mamangu alipofariki, jambo nililomwambia Sabdio peke yake. Nikaanza kuogopa simu yangu mwenyewe, mtu mzima mimi.

Ekitela, tunayefanya naye kazi gereji, alinisikia nikijibizana nayo.

"Bonaya, hiyo si mtu. Zima hiyo kitu tuite pasta."

"Mimi Muislamu, Ekitela."

"Basi ita sheikh, lakini zima!"

Sikuzima. Siku moja hasira ikanipanda mpaka kooni, neno lenyewe liko mdomoni.

"Sabdio, ukinisukuma hivi nitalitamka."

"Litamke. Mzee Huqa atakutafutia mwingine."

Huqa ni baba yangu. Kwetu Waborana mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa jikoni peke yake, hata akiwa amekasirika. Tangu nimuoe Sabdio, baba yangu kwake ni "Mwenye Fimbo", basi. Tulipoenda kushughulikia pasipoti, karani alimuuliza jina kamili la mume wake, naye akafunga mdomo kabisa mpaka karani akadhani ni bubu. Mimi ndiye niliyesema, "Bonaya Huqa." Leo ati amelitaja kama mtu anayeitisha chumvi!

"Wewe ni nani?"

Nikasikia pumzi tu.

"Nakuuliza, wewe ni nani, na mke wangu umempeleka wapi?"

Pumzi ikaenda mbio, simu ikakatika. Ekitela aliniona nimesimama juani katikati ya gereji, akanivuta kivulini.

Jioni nilipiga mimi.

"Sabdio, mchana simu yako hukaa wapi?"

"Nyumbani. Kazini haturuhusiwi. Kwani?"

"Nyumbani na nani?"

"Na Madina. Si yeye analala mchana ndio usiku aende..." Akasita. "Abba warra, unaniogopesha. Kuna nini?"

Nikamwambia yote. Nilipomaliza, akaigeuza simu ikaelekea kitandani, ambapo Madina alikuwa ameketi anafunga viatu.

"Madina. Ongea kama ulivyoongea na yeye."

"Dada, nisamehe."

"Ongea!"

Madina akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mke wangu.

"Niache, abba warra."

Ya Allah! Vile vile kabisa, mpaka ule mkwaruzo mdogo mwishoni. Nilijua hawa dada wanafanana sauti, lakini si hivi. Sabdio karibu aangushe simu.

"Kwa nini?" akauliza. "Mimi dadako wa tumbo moja, kwa nini?"

"Ukirudi mimi nabaki na nani hapa? Saa tisa mchana kumeshakuwa giza. Nitaongea na ukuta?"

"Kwa hivyo univunjie nyumba?"

"Sikutunga kitu! Mengine ulinisimulia mwenyewe, na mengine ni yale unayosema usingizini. Usiku nikiwa na ofu, sijaenda kazini, nakusikia. 'Niache. Usinirudishe.' Kila mara."

Nilisikia mashine yao ya joto ikinguruma huko.

"Ni kweli, Sabdio?" nikauliza.

"Mtu aliyelala anajua nini?"

"Sasa uko macho. Sema."

Akaigeuza simu, nikamwona uso.

"Talaka sitaki. Wallahi sitaki. Lakini naogopa kurudi. Hapa nina ufunguo wangu. Nikitoka kazini hakuna anayeniuliza mbona nimenuna. Huko kwenu wageni wanaingia asubuhi mpaka jioni, na mimi ni chai, chai, chai. Nimezoea kunyamaza, abba warra."

Iliniuma, sitadanganya. Miaka yote hiyo nilidhani anapenda wageni.

"Basi njoo unyamaze hapa," nikasema. "Chai nitapika mimi."

"Wewe? Chai?"

"Nitajifunza."

Akacheka na machozi yanashuka. Madina alichukua mkoba wake akatoka, na mlango akaufunga polepole.

Sabdio alikuja. Tulimpokea, wageni nikawafukuza mapema, baba yangu akanishangaa nikipuliza jiko. Baada ya chakula cha mchana mke wangu akalala, nami nikakaa kando yake. Nilitaka kusikia kama bado atasema 'niache'. Nilikuwa nimeapa Madina hatasikia sauti yangu tena maishani, lakini usingizi wa mke wangu niliuogopa zaidi.

Midomo yake ikaanza kusogea.

"Madina," akasema. "Madina, funga dirisha. Baridi inaingia."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akarudia tena, mkono wake ukipapasa upande wa pili wa kitanda, anatafuta mtu.

Nikatoka nje, nikapiga.

"Haloo?" Sauti ya mke wangu, kutoka Norwei. Nywele zilinisimama hata baada ya kujua.

"Madina, ni mimi shemeji yako. Dadako anakuita."

"Anataka niombe msamaha?"

"Amelala. Anakuita usingizini."

"Anasema nini?"

"Anasema ufunge dirisha, usipatwe na baridi."

Madina akaanza kulia, na kilio hicho hakikufanana na cha mtu yeyote.