Blanketi la Shangazi

Siku ya gulio sokoni palikuwa hapana pa kutia mguu. Donge la sufu nyekundu lilimponyoka kijana mmoja, likabingirika na kumzonga miguuni msichana mmoja aliyeshika kamera.

"Dada, usisogee! Umeshafungwa."

"Na nani?"

"Na mimi, kwa bahati mbaya."

"Mbaya kwako au kwangu?"

Wakacheka. Msichana alikuwa amepanda milimani kurekodi nakshi za wafumaji wazee kabla hazijaondoka nao. Kijana akampeleka kwa shangazi yake, ambaye nakshi ya ukoo ilibaki mikononi mwake peke yake.

Ah, msimu ule! Asubuhi shangazi alifuma, kamera ikifuata vidole vyake. Jioni wawili hao waliteremka na ukungu wakitaniana, msichana kajikunyata ndani ya koti la kijana lililonukia sufu na moshi.

Kisha shangazi akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Siku chache baadaye msichana alimkuta kijana ameketi sakafuni, anafumua blanketi la mwisho la shangazi, uzi baada ya uzi.

"Unaliharibu! Na mwenyewe yu hai!"

"Tulia, mpenzi. Nitakueleza."

Hakutulia. Alipanda basi akarudi mjini, na simu za kijana hakuzipokea. Lakini zile video alizifungua kila usiku, akazitazama hadi mwisho.

Mwishowe ikaja simu ya shangazi mwenyewe.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia afumue. Kamera yako imeona vidole, haikuona uzi unakopita kwa chini. Angejifunzaje?"

"Mbona hakuniambia, shangazi?"

"Mwanamume huyo! Aliogopa kushindwa mbele yako. Njoo bwana, anafuma kama kuku anayeparura."

Alikwenda. Alimkuta kijana ameinama kwenye kitanda cha kufumia, sufu imemjaa nyweleni.

"Usinipige picha, mpenzi. Blanketi bado baya."

"Nisamehe. La nani hili?"

"Letu. Ukikubali kuolewa na mimi."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka jikoni: "Amekubali au hajakubali? Chai inapoa!"

"Nimekubali, shangazi!"

Lakini aliyejifunika nalo kwanza ni shangazi, katika majira ya baridi yaliyokuwa yake ya mwisho. Alilipapasa mstari kwa mstari kwa mkono uliobaki, na kila alipofika penye kosa, alicheka.