Mwito wa Kalavati

Ujumbe ulisema maji yamefika sentimita arobaini kwenye kalavati la Malunga. Kahama ilikuwa haijaona mvua tangu Mei. Nyamizi aliusoma akiwa amesimama jikoni, kijiko mkononi, akatazama nje: vumbi, kuku wa mwenye nyumba wamejikunyata chini ya toroli, jua la saa saba. Akajibu kwa neno moja kama alivyozoea, akaendelea kula.

Neno lenyewe lilikuwa ABEE.

Nyamizi alikuwa mtafiti. Mradi wa chuo ulitaka kujua maji ya mvua na majitaka ya mji yanapita wapi, yanakutana wapi, na nyumba za nani zinafurika. Yeye na mwenzake Theonest walifunga vifaa vya kupima kina ndani ya mitaro, makalavati na chemba. Kila kifaa kilikuwa na laini yake ya simu. Maji yakipanda, kilituma ujumbe, na kiliurudia ule ule mpaka mtu ajibu kwamba ameupata. Neno la kujibu alilichagua Theonest.

"Mtoto wa watu akiitwa anaitika," alisema siku ile, huku akibonyeza kompyuta. "Wewe dada utaitika Abee. Na mimi nikiwa zamu nitaitika hivyo hivyo, nani ataniona?"

Kisha Theonest akahamishiwa Runzewe kwenye sehemu ya pili ya mradi, na Nyamizi akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kwa Mama Rhoda. Mumewe alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine kabla ya dhahabu. Binti yao Juliana, wa darasa la kwanza, alikaa kwa bibi yake Nzega. Zilikuwapo siku ambazo Nyamizi alifika jioni bila kumwambia mtu lolote zaidi ya shikamoo.

Kwa hiyo kalavati la Malunga lilipoanza kutuma ujumbe kila mchana, hakukasirika. Alidhani ni buibui, au mfuko wa nailoni umeziba jicho la kifaa. Alijiambia atakwenda kuangalia. Hakwenda. Aliitika, na kesho yake akaitika tena. Ikafika mahali akawa anaiweka simu kando ya sahani, kama mtu anayemsubiri mwenzake mezani.

Siku moja, akifagia sebuleni, aliona mstari ukutani.

Ulikuwa wa kahawia, mwembamba, umenyooka. Ulizunguka chumba kizima, ukapita nyuma ya kabati, ukavuka mlango, ukaendelea kwenye pazia bila kupinda. Nyamizi aliujua. Ndiyo alama inayoachwa na mafuriko yanapotuama ndani ya nyumba kisha yakaondoka. Alikuwa ameitafuta kwenye kuta za watu mji mzima. Akaleta futi. Sentimita sabini kutoka sakafuni. Akachukua simu. Ujumbe wa mchana ule ulisema sabini.

Akagusa ukuta. Ulikuwa mkavu. Ila vidole vilinuka matope ya mtaro, na juu ya matope hayo, harufu ya vumbi linaponyeshewa kwa mara ya kwanza.

Asubuhi alikwenda Malunga, akainama akaingia kalavatini na tochi. Ndani mlikuwa na chupa, kandambili moja na fuvu la mbuzi. Bolti zilikuwapo. Kifaa hakikuwapo.

Alimpigia Theonest palepale.

"Nani kachukua kifaa cha Malunga?"

"Ni mimi! Nilikuja nacho huku nikitengeneze. Sikukuambia? Basi nilisahau, dada, nisamehe."

"Kiko wapi sasa?"

"Hapa mezani. Nimekiwekea kikombe cha chai juu. Betri niliitoa zamani. Kwani vipi?"

"Kinanitumia ujumbe."

Theonest alianza kucheka, akaacha. "Rudi nyumbani, dada. Usikae hapo."

Lakini nyumbani ndiko maji yalikokuwa.

Tangu siku hiyo hakujibu kwa hiari. Vidole vilijibu vyenyewe, kwa mazoea, kabla hajajizuia. Mstari ulipanda. Mchana alijilaza kitandani na kelele za mji zikamjia kwa mbali, zimezibwa, honi za mabasi na muuza ndizi na redio ya jirani, zote kana kwamba yeye yuko chini na wao wako juu, na nywele zake zikainuka taratibu kutoka kwenye mto zikaelea, na bafuni kwenye tundu la maji kitu kikajikohoza kama mgeni anayetaka wenyeji wajue amefika.

Ndipo mama yake akapiga simu kutoka Nzega. Shule zimefungwa, na yeye anakwenda Mwanza kutibiwa macho. Juliana ataletwa kwa basi Jumamosi ya wiki ijayo.

"Mbona kimya? Hutaki mwanao?"

"Namtaka, mama."

Alikata simu akasimama ukutani. Mstari ulikuwa kifuani pake. Juliana akisimama katika chumba kile, kichwa chake kingekuwa chini ya alama.

Alikwenda kwa Mama Rhoda, aliyekuwa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Juliana. Mbona umekonda hivyo? Au kusoma mavi ya watu kumekuondolea hamu ya kula?"

Nyamizi hakucheka. Alimweleza yote. Ungo ulisimama mikononi mwa yule mama.

"Ukajibu nini?"

"Abee."

"Yii, mayu, mama wee!" Mama Rhoda alitazama nyuma yake, akashusha sauti. "Pale Malunga, kabla hawajachimba mtaro, palikuwa na lambo. Tulinywesha ng'ombe pale. Mama alitufundisha: ukisikia maji yanakuita, gonga kibuyu chako uondoke. Usiitike. Walipolikausha watu wakasema yamekwisha. Yameishaje? Maji yamehamishwa, mwenye lambo je? Kakaa humo hana wa kumjibu, mpaka ukaja wewe na adabu zako."

Mama Rhoda alikuwa mzee wa kanisa, na alimpigia mganga simu akiwa amejificha chooni.

Mganga, Maduhu, alikuja kwa pikipiki, amevaa kizibao cha kung'aa cha bodaboda. Wateja wake walikuwa wachimbaji wa Segese, wasioshuka duarani, ndani ya shimo la dhahabu, mpaka yeye awe amepita. Mlangoni kwa Nyamizi alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini. Kisha akauona mstari, akaikunjua tena. Haikuwa na faida. Aliingia polepole, ameinua mikono usawa wa mabega, kama mtu anayevuka mto.

"Huyu hakuja kuua, mayu," alinong'ona. "Amekuja kukaa. Mwite jini, mwite mwenye lambo, yeye hajali. Anachotaka ni kuitikiwa."

"Nimfukuzeje?"

"Hafukuzwi. Ananyimwa. Ataita, usiitike. Humu ndani asiitike mtu yeyote mpaka alama iishe ukutani, iishe kabisa. Mvua ya kwanza itamsaidia kutoka. Ila akipata wa kumwitikia, hata mara moja, msinipigie simu."

Alimwaga unga wa mtama kuzunguka tundu la bafu. Hakukubali hata maji ya kunywa.

Simu ililia mchana ule, na Nyamizi hakujibu. Ujumbe ukarudiwa, ukarudiwa. Akaizima, ikaendelea kutetemeka mezani ikiwa imezimwa. Ilipochoka, bafu likaanza. Kwanza lilikohoa. Kisha liliita kwa sauti ya Theonest, likitania, likisema dada njoo uone kitu, na alipokaa kimya likaita kwa sauti ya mumewe, si sauti ya siku za Geita bali ile ya kwanza, ya walipokuwa wapya na wana godoro moja na sufuria moja, ikimwita Nyami, Nyami wangu, jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwita kwa miaka, na Nyamizi akakaa sakafuni akaingiza ncha ya kitenge mdomoni akaiuma, machozi yakimtoka, kwa sababu hofu aliiweza lakini lile jina lilikaribia kumshinda.

Hakuitika. Mstari ulishuka mpaka kiunoni. Siku zilizofuata ukashuka zaidi.

Ijumaa mvua ikanyesha, mvua ya kwanza, ikapiga mabati na kujaza mitaro yote ya Kahama. Vifaa vyote vya mji viliamka na kutuma ujumbe, nambari za kweli za maji ya kweli, zile alizozisubiri msimu mzima. Hakujibu hata kimoja. Bafuni kitu kilivuta pumzi ndefu, kikashuka, kikaenda.

Asubuhi kuta zilikuwa safi. Karibu safi. Nyuma ya kabati, chini kabisa, mstari ulikuwa umebaki, kimo cha kidole kutoka sakafuni.

Nyamizi aliutazama kwa muda. Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, angeupima. Alisema moyoni kwamba ni unyevu wa sakafu tu, nyumba zote za Kahama zinao. Basi la Nzega lilikuwa limeshaondoka. Alichukua chokaa na brashi, akaupaka.

Juliana alishuka amebeba begi na kuku. Alikuwa amerefuka. Alimpigia mama yake magoti kidogo, kama bibi alivyomfundisha.

"Mama, bibi anasema kwako kuna televisheni."

"Bibi anadanganya."

"Nilijua! Basi kuku naye nitamrudisha."

Walicheka mpaka kondakta akageuka. Njiani Nyamizi alifungua mdomo amwambie: ukisikia unaitwa usiitike. Akaufunga. Mwaka mzima mtoto yule hakuwa na mama wa kumwita. Leo amwambie kwamba hata akiitwa, asijibu? Na mvua si ilishapita?

Walikula wali na dagaa mchana huo, bega kwa bega mkekani. Mezani sasa palikuwa na simu tu, na simu ilikuwa kimya. Juliana alitoka uani kumpa kuku maji. Nyamizi aliegemea ukuta uliopakwa chokaa, akasikia kila sauti ya mji, honi, muuza ndizi, redio, zote karibu, zote wazi. Alifumba macho.

Uani mtoto aliacha kuimba.

"Abee, mama!" alisema.

Akapita sebuleni mbio, amefurahi, bila kumtazama yeye aliyekaa ukutani, akaelekea bafuni.

"Nakuja, mama!"

Nyamizi alikuwa hajaita. Alitaka kusimama, na sakafu kavu ikamshika miguu kwa baridi ya maji, na baridi ikapanda hadi magotini.